Ushahidi wa Ufukara

*Kila mwaka, baina ya kutangazwa matokeo ya kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo vikuu, vijana waliokwisha kufaulu hutakiwa wafaulu mtihani mwingine, ambao haumo katika mtaala wowote: kuthibitisha, kwa nyaraka na mihuri, kwamba kwao hakuna kitu.*

Na Mwandishi Wetu

Mjini Muheza, machungwa yanapokuwa yamekolea na matenga yamepangwa hadi ukingoni mwa barabara iendayo Tanga, lipo duka dogo la steshenari, lenye kompyuta mbili na mashine moja ya kutoa kopi, ambalo katika miezi ya Julai na Agosti huwa na watu wengi kuliko duka la unga, kwa kuwa ndiko ambako vijana wa vijiji vya jirani huja kujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Asubuhi moja ya Julai aliingia humo kijana mwembamba, mwenye shati la shule lililofuliwa hata likapoteza rangi, akifuatana na bibi yake mzaa mama, mtu mzima aliyejitanda kanga na kuikumbatia bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha ile yalikuwamo maisha ya nyumba yao kama serikali iyajuavyo: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, vyeti vya shule, barua ya mtendaji wa kijiji na picha ndogo nne za rangi.

Binti wa dukani aliamkia, akapokea bahasha, akazitandaza karatasi mezani moja baada ya moja, kisha akasita.

“Bibi, hapa pana herufi imezidi.”

“Imezidi wapi, mjukuu wangu?”

“Mwisho wa jina la baba yake. Cheti hiki kinasema Athumani, na hiki kinasema Athuman.”

“Mbona aliyezikwa ni mmoja?”

Jawabu la bibi lilikuwa la haki, walakini mashine haina masikio. Kwa herufi ile moja ilibidi kijana atafute hati ya kiapo, nayo hutolewa mbele ya wakili au hakimu kwa malipo. Na kwa kuwa fedha waliyokuja nayo ilikuwa ya fomu na nauli ya kurudi, wawili wale waliondoka na bahasha yao, wakakubaliana kurejea siku ya gulio, bibi akishauza kuku.

Mambo ya namna hii hayaandikwi katika ripoti yoyote, kwa kuwa hayakuvunja sheria wala kumdhulumu mtu kwa makusudi. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini mwana wa maskini aliyepata daraja la kwanza hufika chuoni amechelewa, au asifike kabisa, hana budi kuanzia katika duka kama lile kabla hajapanda ngazi za ofisi za Dar es Salaam.

Kutoka atia hadi karadha

Si zamani sana ambapo kadhia hii haikuwapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiotimia 20. Na miaka michache baadaye, kilipokwisha hamia Mlimani, serikali ya nchi changa ilijitwisha mzigo wote wa masomo, malazi na chakula, kwa hoja iliyo wazi kwamba taifa lilikuwa na haja ya daktari, mhandisi na hakimu kuliko daktari, mhandisi na hakimu walivyokuwa na haja ya shahada.

Atia ile haikuwa bila masharti. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alimfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa akiba yote ya chakula, apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake riziki. Akila na asirudi, huyo ni haini.

Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kwa miezi 18 yangewaachia asilimia 40 tu ya mishahara yao, Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400 kati yao, naye papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Msomaji akumbuke makato yale, kwa kuwa suala la nani amdai nani kati ya msomi na umma limerudi katika zama zetu kwa sura nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza sharti jingine, kwamba amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo apate kibali cha kuingia chuoni.

Hata ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980, hazina ikiwa taabani na wakopeshaji wa nje wakishika kalamu, mlango ule ulianza kufungwa kidogo kidogo. Mwaka wa masomo wa 1992/93 sera ya uchangiaji ilianza kutekelezwa: kwanza mzazi aliambiwa achukue nauli na ada ndogo ndogo, kisha sehemu ya gharama nyingine, mpaka lile lililokuwa haki ya kila aliyefaulu likawa karadha inayoombwa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina bodi yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Mizani ya Bodi

Ni insafu kusema wazi kwamba Bodi imefanya kazi kubwa. Wanafunzi wanaonufaika nayo kwa mwaka mmoja siku hizi ni zaidi ya 200,000, idadi ambayo waasisi wa mtaa wa Lumumba wasingeiota. Mkopo wake hugawika mafungu mbalimbali: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi hawaliiti kwa jina jingine ila “boom”, lilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000.

Lakini fedha hazitoshi kwa wote, na pasipotosha ndipo inapohitajika mizani. Bodi humpima mwombaji kwa hali ya wazazi wake, uyatima, ulemavu, shule alizosoma na ada zilizolipwa huko, kisha humpangia asilimia katika baadhi ya mafungu, yule apate yote, huyu apate sehemu. Ndiyo maana mwanafunzi akiulizwa kama “amepata bodi” hajibu ndiyo wala la, bali hutaja asilimia.

Watetezi wa Bodi wana hoja nzito. Mkopo, wasema, ni mali ya umma inayozunguka, inayorudishwa na mwalimu wa Kasulu ili asome mtoto wa Newala; mwenye uwezo akijificha katika safu ya mafukara, anayeporwa ni fukara mwenyewe. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kuonyesha mikopo iliyokwenda kwa wasiostahili. Kwa sababu hiyo vyeti vya kuzaliwa na vya vifo hutakiwa vihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Kwa sababu hiyo hiyo fomu hutiwa sahihi na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mbele ya wakili au hakimu.

Mtu hawezi kuzikebehi hoja hizi. Katika nchi ambayo watu wenye magari mawili wamepata kuombea watoto wao ufukara, na hili kila aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa analijua, tahadhari ni wajibu. Ninalolitilia shaka ni jambo jingine: mzigo wa ushahidi umewekwa juu ya kichwa cha nani?

> *Mauti yana cheti. Kutelekezwa hakuna.*

Wasiokuwa na karatasi

Tazama hali ilivyo. Baba mwenye ajira serikalini huandikisha mwanawe hospitali, hupata cheti juma lile lile, huweka nakala kabatini. Na wakati wa kuomba ukifika, kila karatasi iko tayari, pengine pamoja na hati ya kuonyesha kwamba mshahara wake ni mdogo. Baba aliyefia shambani na kuzikwa alasiri ile ile, kama desturi ya Waislamu wa pwani ilivyo, huenda hajawahi kuandikishwa na mtu yeyote isipokuwa Mola wake, na mwanawe hutambua upungufu huo miaka 10 baadaye, siku fomu inapomtaka aambatanishe cheti cha kifo.

Kwa hiyo mtihani wa ufukara una kasoro hii ya ajabu, kwamba mafukara hasa ndio huufanya vibaya. Kadiri nyumba ilivyo mbali na ofisi, na kadiri wenyewe walivyo mbali na kalamu, ndivyo dhiki yao ilivyo kubwa na ndivyo ithibati ya dhiki hiyo ilivyo haba.

Zaidi ya hayo, yapo masaibu ambayo hayana waraka kabisa. Mauti yana cheti, na talaka ina hati yake kwa kadhi. Lakini baba aliyeondoka kwenda Mererani kutafuta madini na asirudi, wala asitume salamu, si maiti wala si mtalaka, na mke aliyemwacha si mjane. Mtoto wa baba huyo si yatima kwa fomu yoyote, ijapokuwa analala kama yatima na kula kama yatima.

Kuna na wale ambao waliwahi kupata msaada, na msaada ule ule ukawageuka. Kijana mwenye akili, mtoto wa mama muuza samaki, huchukuliwa na padri, au na jamaa wa mbali, au na shirika la kheri, akalipiwa ada katika shule ya binafsi. Na siku ya kuomba mkopo, jina la shule ile humsimamia kama shahidi wa utajiri. Bodi hukubali barua ya mfadhili, hili ni kweli, na kanuni imeandikwa vizuri. Ila mfadhili aliyefariki, au aliyehama nchi, au shirika lililofunga milango yake, haliandiki barua.

Laiti jambo hili lingekuwa dogo. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha wa 2022/23 ikaiondoa kidato cha tano na cha sita. Hatua zile ni za kupigiwa saluti, na matunda yake ndiyo hao vijana wengi wa nyumba zisizopata kumtoa msomi, wanaofika sasa kwenye kizingiti cha chuo. Serikali imewafungulia milango sita, na katika mlango wa saba inawauliza karatasi.

Dawa imekwisha anza kupatikana, nayo haiko mikononi mwa bibi wa Muheza. Serikali inao mpango wa TASAF, ambao umekwisha pita vijijini na kuziandikisha kaya maskini kwa majina, baada ya mikutano ya wanakijiji wenyewe, watu wanaojuana hadi idadi ya mabati. Na mtoto wa kaya hizo leo anaweza kuutaja mpango huo katika maombi yake. Maadamu daftari hilo lipo, na la RITA lipo, na la vitambulisho vya taifa lipo, sioni sababu ya kumfanya kijana wa miaka 19 kuwa tarishi wa kubeba karatasi kutoka ofisi moja ya serikali kwenda ofisi nyingine ya serikali ile ile, akilipa nauli na muhuri kila kituo. Ofisi na ziulizane zenyewe.

Kwa jirani zetu

Wapo wasemao kwamba tiba ya kasoro hizi ni hesabu: mashine ipewe habari za kaya, itoe daraja, pasiwe na mwenyekiti wala mkono wa mtu. Kenya wamelijaribu hilo, na mwenye busara hujifunza kwa mwenziwe.

Mwaka 2023 serikali ya Rais Ruto ilianzisha mfumo mpya wa kugharimia wanafunzi, kando ya bodi ya mikopo ya HELB iliyokuwapo tangu 1995. Kila mwanafunzi alipangwa katika daraja moja kati ya tano kwa kadiri ya hali ya kwao. Wa daraja la kwanza, walio maskini zaidi, asilimia 70 ya karo yao ililipwa na ufadhili usiorudishwa, 25 ikawa mkopo, na 5 ikatoka nyumbani. Kwa mtazamo wa karatasi, mfumo huu ulikuwa wa huruma kuliko wetu, kwa kuwa ulikiri kwamba wako watu ambao hata mkopo ni mzigo.

Kisha madaraja yakatangazwa, na malalamiko yakafumka kutoka Mombasa hadi Kisumu: watoto wa vibarua wamewekwa safu moja na watoto wa wafanyabiashara, na hakuna awezaye kuwaeleza kwa nini. Wanafunzi waliandamana, rais akaunda kamati, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo ule ulikuwa kinyume cha katiba, kabla ya Mahakama ya Rufani kusimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo.

Ninalolitoa hapo ni hili, kwamba hesabu iliyo siri, hata ikiwa sahihi, haimtulizi aliyenyimwa. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuhongwa, lakini pia anaweza kuulizwa mbele ya watu.

Majuma ya mwanzo

Tuchukulie kwamba kijana amepata. Jina lake limetoka katika awamu ya pili, au ya tatu, na asilimia yake ni njema. Amefika Ubungo, au Dodoma, au Morogoro, na sanduku la bati alilosomea nalo bwenini. Hapo huanza sehemu ya hadithi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo chungu zaidi, na ambayo wapangaji wa sera hawajaipa uzito wake.

Fedha ya Bodi humfikia mwanafunzi aliyekwisha sajiliwa, mwenye akaunti ya benki, aliyekwisha kuthibitisha kwa alama ya kidole kwamba yupo. Utaratibu huu una maana, kwa kuwa zamani majina ya wasiokuwapo yalikuwa yakilipwa. Walakini, ili asajiliwe, chuo humtaka alipe michango yake midogo, mathalan bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, na ada ya umoja wa wanafunzi, na kitambulisho, na sehemu ya ada ikiwa asilimia yake si kamili. Basi hapati fedha mpaka asajiliwe, na hasajiliwi mpaka awe na fedha.

Mtoto wa mjini humpigia mjomba simu. Mtoto wa Muheza hana mjomba wa namna hiyo.

Katika majuma hayo ndipo mwanafunzi mgeni hujifunza msamiati usiofundishwa darasani. Hujifunza “kubebana”, yaani kulala wawili katika kitanda cha futi tatu alichopangiwa mmoja, mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, mlango ukigongwa na mlezi wa bweni mgeni akiingia kabatini au akijifanya amekuja kuazima kitabu. Hujifunza “pasi ndefu”, kula mlo mmoja wa saa kumi, ugali na maharage, usimame badala ya cha mchana na cha usiku. Hujifunza kunakili vitini kwa mkono, kwa kuwa kopi ni fedha. Na anajifunza kimya, kwa kuwa hakuna aibu nzito kwa kijana kama aibu ya kuonekana ana njaa mbele ya wenzake wapya.

Kwa mabinti hali ina hatari zaidi, nami nitaitaja kwa staha. Binti aliyekosa kitanda chuoni hupanga chumba uswahilini kwa kodi ya miezi kadhaa mbele. Na asipokuwa nayo, wako watu wazima walio tayari kumlipia, ambao hawaombi sahihi wala muhuri.

Vitanda vyenyewe havikuongezeka kwa kasi ya udahili. Mwaka 2017 zilifunguliwa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hosteli mpya, majengo 20 yenye nafasi ya watu 3,840. Ila chuo kile kina wanafunzi wengi mara kadhaa ya idadi hiyo, na kitanda kimoja huwaniwa na wengi.

> *Hapati fedha mpaka asajiliwe, na hasajiliwi mpaka awe na fedha.*

Ukipiga hesabu, boom la siku 60 ni shilingi 600,000. Mtu akilipokea siku ya kwanza, atalipa chumba, atanunua mchele wa jumla, atapika na mwenziwe, na litamfikisha. Akilipokea juma la sita, hukuta amekwisha kopa kwa mama ntilie, kwa mwenye chumba, kwa mwenziwe wa kitanda. Boom hupita mkononi mwake siku moja tu, na deni jipya huanza jioni ile ile. Kiasi ni kile kile, lakini wakati umekigawa. Ndiyo maana naona mjadala wa kila mwaka kuhusu kupandisha boom kwa shilingi elfu moja au mbili, ambao wanasiasa huupenda kwa kuwa una tarakimu, umechukua nafasi ya mjadala mwingine usio na tarakimu: kwamba anayejulikana tangu Oktoba kuwa ni fukara apewe japo nauli na mlo wa mwezi wa kwanza kabla ya kusajiliwa, na chuo kimdai Bodi, kisimdai yeye.

Walimu wa vyuo nao wana lao, nalo si dogo. Chuo huendeshwa kwa ada. Ada ikichelewa, chaki na umeme havingoji. Vyuo vya binafsi, ambavyo havina fungu la serikali la mishahara, huona kumzuia mdaiwa asifanye mtihani kuwa ndiyo silaha pekee iliyobaki, na ukikaa na mhasibu wa chuo cha namna hiyo jioni, akakufungulia daftari lake, utaondoka umepungukiwa na hasira ulizokuja nazo.

Wakfu uliosahauliwa

Ajabu ni kwamba pwani hii ilikuwa na jibu lake kabla ya bodi yoyote. Matajiri wa Unguja, Mombasa na Lamu waliacha minazi na nyumba ziwe wakfu, na mapato yake yakaendesha misikiti na kuwalisha wanafunzi wa vyuo vya dini, ambao walitoka mbali na hawakuulizwa cheti cha mtu. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwanafunzi wa udaktari aliyekwama kwa shilingi 150,000 ni mstahiki wa zaka kwa kipimo cha fakihi yeyote niliyepata kumsikia, na makanisa yetu nayo yana mifuko ya namna hiyo kwa majina mengine.

Sidai kwamba zaka ishike mahali pa Bodi. Laki mbili za wanafunzi hawawezi kusomeshwa kwa sadaka ya Ijumaa. Lakini pengo la majuma sita ya kwanza, linaloua masomo kwa fedha ndogo, ni pengo la ukubwa huo hasa. Baadhi ya vyuo vina mifuko midogo ya dharura chini ya washauri wa wanafunzi. Wanafunzi wengi hawajui kwamba ipo, na wanaojua huona haya kuingia ofisi ile.

Deni baada ya shahada

Mkopo ni lazima urudishwe, na hapa pande zinazoshindana zinabadilisha viti, kwa kuwa aliyekuwa mlalamikaji akiwa mwanafunzi huwa mdaiwa akishapata kazi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliyapandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Juu yake palikuwa na asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyolifanya deni likue mwaka hata mwaka, na iliyowatia wahaka Waislamu wengi kwa kufanana kwake na riba. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa asilimia hiyo 6 katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, mjini Mwanza, na makofi yaliyopigwa siku ile yalikuwa ya watu waliokuwa wakilipa kila mwezi bila ya kuona deni likipungua.

Asilimia 15 imebaki. Serikali husema, na ni kweli, kwamba marejesho yakilegea, wa mwakani hapati. Mdaiwa husema, na ni kweli vilevile, kwamba mshahara wa mwalimu mpya ukishatolewa kodi, mfuko wa pensheni, bima na mkopo wa Bodi, kinachosalia kina wenyewe nyumbani kabla hajakigusa.

Kwani ni nani huyo anayekatwa? Aghalabu ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile ile ya kifukara aliyefika chuoni kwa mkopo, na sasa amekuwa mlezi wa wadogo zake: analipa mchango wa chakula shuleni, anapeleka dawa ya bibi, na mdogo wake akimaliza kidato cha sita, ni jina lake yeye, mwenye ajira na namba ya mshahara, linaloandikwa mahali pa mlezi. Nyumba hiyo ikihesabiwa kuwa na mwajiriwa, itahesabiwa kuwa na uwezo, ilhali uwezo wenyewe umekwisha katwa kulipia uwezo wa jana. Kabla dirisha la maombi la mwaka ujao halijafunguliwa, Bodi inaweza kulitengeneza hilo bila ya sheria mpya wala senti ya ziada, kwa kumpima mlezi wa aina hiyo kwa kile kinachobaki mkononi baada ya makato ambayo Bodi yenyewe ndiyo inayoyapokea, na ambayo hesabu yake, kwa mara moja katika kadhia yote hii, haihitaji kuthibitishwa kwa karatasi ya mtu mwingine.